Nyuzi 104 kando ya soketi

Mpwa wangu alinipigia simu saa tatu usiku, mwezi wa pili, siku zile ambazo Dar es Salaam jua linazama lakini joto halizami. "Shikamoo mjomba. Ile kompyuta inaniangusha. Nikianza kurenda inakwenda vizuri dakika kama kumi, halafu inakuwa nzito, hata kipanya hakisogei. Nikiiacha inapata nguvu, halafu inarudia yale yale."

Nikamuuliza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inasoma joto gani. "Sitini na moja, mjomba. Haizidi hapo."

Jibu lile lilininyima usingizi. Prosesa yenye nyuzi 61 haina sababu ya kulegea, maana ina nafasi kubwa ya kupanda kabla haijaanza kujipunguza kasi kwa ajili ya joto. Na kompyuta ile niliiunda mimi mwenyewe, kwa hela ya dada yangu aliyoipata zamu yake ya mchezo ilipofika, akitumaini kwamba kijana atapata riziki kwa vibonzo anavyotengeneza kwenye programu ya Blender, ambako kurenda ndiko kuiachia kompyuta ikokotoe picha kamili kutoka kwenye michoro. Nilipokea hela ile kwa mikono miwili, nikaahidi kumtengenezea mashine itakayofanya kazi kuliko bei yake.

Njia niliyoijua ya kutimiza ahadi hiyo ilikuwa kuovakloki. Kwa asiyeifahamu: kila prosesa inatoka kiwandani ikiwa imepangiwa kasi, na baadhi yake zinaruhusu mwenye mashine kuipandisha kasi hiyo kwa mkono, akiiongezea na umeme kidogo ili isiyumbe. Nilimwekea Ryzen 3 1200, prosesa ya kampuni ya AMD iliyotoka Julai 2017 kwa dola 109, yenye viini vinne vya kufanyia kazi na kasi ya msingi ya gigahezi 3.1. Ryzen zote za mezani za wakati ule hazikufungwa kizidisho, ile namba inayopanga kasi, hata hii ya bei ndogo, wakati upande wa washindani wao Intel ulikuwa unalipia zaidi kupata prosesa yenye herufi K na madabodi (ubao mkuu unaobeba prosesa) yenye chipseti ya Z, yaani chipu ya bodi inayoamua inaruhusu nini. Nikaipandisha mpaka 3.8 kwa volti 1.35. Picha aliyokuwa akiirenda kwa dakika 41 ikawa inatoka kwa dakika 34. Kijana akaruka, na mimi nikajiona nimemaliza.

Madabodi, au bodi kama tunavyozoea kuiita, niliichagua mwisho. Hela ilikuwa imebaki kidogo, nikachukua ya bei ya chini kabisa iliyokuwa na chipseti ya B350. Niliangalia kitu kimoja tu: je, inaruhusu kuovakloki? Inaruhusu. Basi.

Asubuhi yake nilipita kwa jirani yangu, fundi wa friji na viyoyozi, nikamwazima kile kipimajoto chake chenye umbo la bastola, kinachosoma kwa mwanga bila kugusa. Vile vya zahanati havifai kwa kazi hii kwa sababu vimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu. Nikafika chumbani kwa mpwa wangu, chumba cha bati bila dari, saa sita mchana, hewani nyuzi 33. Tukafungua ubavu wa kompyuta, tukaanzisha kurenda, tukasubiri. Nikaelekeza kipimajoto kwenye vipande vyeusi vidogo vilivyojipanga kushoto kwa soketi, lile tundu inapokaa prosesa, vipande ambavyo havikuwa na chuma chochote cha kuvipoza. Dakika ya nne vilisoma 88. Dakika ya saba, 97. Dakika ya kumi, 104, na wakati huohuo kwenye skrini kasi ikaporomoka kutoka gigahezi 3.8 hadi chini ya gigahezi 1. Prosesa bado ilikuwa 61.

Kwa hiyo prosesa haikuwa mgonjwa. Bodi ilikuwa inaungua polepole, ikawa inaibana prosesa ili isiungue yenyewe.

Nina cha kukiri hapa, kwa sababu ndicho kilichonifundisha zaidi. Wiki mbili kabla ya simu ile nilikuwa nimeitoa feni ya asili iliyokuja na prosesa, nikaweka kipozeo kirefu cha mnara, kile chenye mabomba ya shaba na feni ya ubavuni. Nilidhani namfanyia mpwa wangu hisani. Prosesa ilipoa kweli, ikashuka kutoka sabini na kitu hadi 61. Lakini feni ya asili ya AMD inapuliza kwenda chini, hewa inaigonga prosesa kisha inatawanyika juu ya bodi pande zote, ikipita kwenye vile vipande vyeusi. Kipozeo cha mnara kinapuliza kwenda nyuma ya kasha, kikiwa juu, na bodi chini yake inabaki bila upepo. Nilichukua upepo wa bodi nikaupeleka kwa prosesa ambayo haikuwa na shida nao. Siku ileile nilirudisha feni ya asili. Vipande vikashuka hadi 86, na kompyuta ikaacha kulala.

Tangu siku hiyo sichagui tena bodi mwisho. Na ninapoulizwa na vijana, "Kaka, bodi gani nichukue kwa prosesa hii ya bei ndogo?", naanza kuwaeleza vile vipande vyeusi kabla sijataja jina lolote.

Pawa sapulai inapeleka kwenye bodi umeme wa volti 12. Prosesa haili volti 12. Inakula volti 1.2, 1.3, hapo katikati. Kazi ya kuushusha umeme huo ni ya sehemu ya bodi inayoitwa VRM: kuna mosfeti, ndivyo vile vipande vyeusi, zinazowasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kuna koili, vile vidude vya mraba vya kijivu, na kuna kapasita zinazoulainisha umeme kabla haujaingia kwenye soketi. Seti moja ya mosfeti na koili, ikiongozwa kwa zamu yake, ndiyo fezi moja. Jina ni lilelile la umeme wa fezi tatu wa kwenye mashine za kusaga, na wazo halitofautiani sana: mzigo mmoja unagawanywa kwa wabebaji wanaopokezana.

Sasa piga hesabu. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sambamba na kasi, lakini unapanda kwa mraba wa volti. Kutoka 3.1 kwenda 3.8 ni nyongeza ya asilimia 23 hivi ya kasi. Ukipandisha volti kutoka 1.2 hadi 1.35, hiyo peke yake inaongeza asilimia 27 ya umeme. Zidisha vyote viwili unapata asilimia 55. Kama viini vilikuwa vinakula wati 50, sasa vinakula karibu 78. Na kwa volti 1.35, wati 78 ni ampea 58, mkondo mzito kuliko unaopita kwenye nyaya za nyumba nyingi, ukipita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha.

Ampea 58 zikigawanywa kwa fezi tatu, kila moja inabeba zaidi ya 19. Zikigawanywa kwa nne, kila moja inabeba kama 14.5. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba joto linalotokana na ukinzani wa waya linapanda kwa mraba wa mkondo. Mosfeti kwenye bodi ya fezi tatu inapata karibu asilimia 78 zaidi ya joto hilo kuliko mwenzake kwenye bodi ya fezi nne, kama vipande ni vya aina moja. Ni kama gunia la mkaa: ukimtoa mbebaji mmoja kati ya wanne, waliobaki hawachoki kwa kiasi kile tu cha mzigo walioongezewa, wanachoka zaidi ya hapo.

Na bodi ya mpwa wangu ilikuwa ya fezi tatu, ingawa ukihesabu koili za upande wa prosesa ulikuwa unaona sita.

Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu nilizihesabu dukani. Watengenezaji wengi wa bodi za bei ya chini wanaweka koili mbili kwa kila fezi, zikiendeshwa pamoja kwa ishara moja. Si udanganyifu mtupu, maana vipande viwili vinagawana mkondo, lakini si fezi sita, na ubora wa mosfeti zenyewe unaweza kuwa wa chini kiasi kwamba ule wingi haukusaidii. Kwenye boksi la kuuzia wanajumlisha na fezi zinazolisha sehemu ya kumbukumbu na picha, hapo unasoma "fezi tisa" kwa herufi kubwa. Usinunue bodi kwa kuhesabu koili. Tafuta mtu aliyeifungua bodi hiyo akasoma namba ya kile kidhibiti kidogo kinachoziongoza fezi, kwa sababu kidhibiti ndicho kinachosema ukweli: kama kina njia nne za prosesa, kwa kawaida fezi ni nne, hata koili zikiwa nane.

Kuna jambo jingine ambalo wanaopima bodi Ulaya na Marekani hawalisemi, kwa kuwa kwao si tatizo. Vipimo vyao vinafanyika kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22. Joto la VRM linajengwa juu ya joto la hewa iliyopo. Bodi iliyosoma 85 kwenye meza ya mpimaji wa Ujerumani, ukiileta Mbagala kwenye chumba cha nyuzi 33, ongeza kumi na moja hadi kumi na tatu kabla hujafanya lolote. Kisha ongeza vumbi. Kisha ongeza kasha lililosukumwa ukutani ili watoto wasiguse nyaya. Mimi nikisoma kipimo cha nje najumlisha nyuzi 15, na kama jumla inapita mia naiacha bodi hiyo hata kama kila mtu anaisifia. Mosfeti nyingi zinavumilia mia na zaidi, hilo ni kweli, lakini kapasita zilizokaa sentimita moja pembeni zinazeeka haraka kwa joto hilo.

Basi nikaanza kutafuta bodi ya pili, nikiwa na akili tofauti.

Suala la chipseti linaisha haraka. Kwa soketi ya AM4, ndiyo ya Ryzen hizi, A320 na A520 haziruhusu kuipandisha prosesa; B350, B450, B550, X370, X470 na X570 zinaruhusu. Dukani utaambiwa bodi ya A320 "inabeba Ryzen zote", na inaweza kuwa kweli, lakini kubeba si kupandisha. Kwa prosesa ya bei ndogo hakuna sababu ya kwenda kwenye X. Unalipia njia nyingi za kadi za picha na soketi za diski ambazo hutazitumia. B ndiyo mahali petu.

Baada ya hapo nilishika chuma. Nazungumzia kile kipande cha alumini kinacholazwa juu ya mosfeti. Kwanza kiwepo, maana bodi niliyoanza nayo haikuwa nacho kabisa. Pili kiwe na uzito. Ukikishika kwa vidole viwili usikie kwamba ni chuma kigumu na si bati lililokunjwa. Tatu kiwe na mikato ambayo hewa inaweza kupita. Nne, geuza bodi uangalie kimefungwaje: skrubu zinakibana sawasawa, vile vipini vya plastiki vyenye springi vinalegea kadiri miaka inavyokwenda. Kuna bodi nilionyeshwa Kariakoo ina pambo kubwa jeusi lenye taa za rangi, linafunika upande mzima wa juu. Nilipochungulia chini yake kwa tochi ya simu, pambo lilikuwa plastiki, na alumini iliyokuwepo ilikuwa ndogo kama kidole gumba. Plastiki ile ilikuwa inaizuia hata hewa kidogo iliyokuwepo.

Tundu la umeme wa prosesa lenye pini nne au nane halipaswi kukusumbua kwa prosesa ndogo. Pini nne zinatosha kwa wati tunazozizungumzia. Wengi wanalipia zaidi kwa sababu ya nane, na hela hiyo ingefaa zaidi kwenye feni ya kasha.

Kinachofaa kukusumbua ni bayosi, ile programu ndogo ya ndani ya bodi yenye mipangilio yake. Omba uione kabla hujalipa, au tafuta picha za menyu zake. Nataka kuona mahali pa kuongeza volti kidogo juu ya ile ya kawaida, ili prosesa ikipumzika volti nayo ishuke. Bodi nyingine zinakupa kufunga volti moja tu, inakaa juu usiku kucha hata ukiangalia katuni. Nataka pia kuona mpangilio wa kuzuia volti isiporomoke mzigo unapoingia. Prosesa inapoanza kazi nzito, volti hushuka kidogo njiani; ukiweka 1.35 unaweza kukuta imefika 1.29, mashine inazima bila kuaga, na wewe unadhani prosesa haiwezi. Bodi nzuri inakupa ngazi kadhaa za kurekebisha hilo. Mimi naweka ngazi ya kati, kamwe si ya juu, kwa sababu ngazi ya juu inaruka kupita kipimo pale mzigo unapoondoka ghafla. Na mimi 1.35 sivuki kwa mashine ya mtu anayeitegemea kula.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo inaamuliwa na bodi kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye Ryzen, kasi ya njia inayounganisha sehemu za ndani za prosesa inafuata kasi ya RAM. Mpwa wangu alikuwa na RAM mbili zilizoandikwa 3000 lakini bodi ya kwanza ilizikataa juu ya 2400, kila nilipojaribu ilikuwa inawaka na kuzima mara tatu kisha inarudi mwanzo. Bodi iliyofuata ilizishika kwa 2933 siku ya kwanza. Hii ni kasi unayoipata bila kuongeza mzigo wowote wa maana kwenye mosfeti, na kama bodi yako haina chuma, anza hapa uishie hapa.

Niliipata bodi yenyewe baada ya wiki tatu: B450 Tomahawk MAX ya MSI, iliyokwishatumika. Ina fezi nne za kweli kwa prosesa, vyuma viwili vizito vilivyofungwa kwa skrubu, na kitufe nyuma yake ambacho nitakirudia. Kununua bodi ya AM4 iliyotumika kuna unafuu wake: pini ziko kwenye prosesa, si kwenye soketi, kwa hiyo hakuna msitu wa sindano zilizopinda wa kuuchunguza kwa kioo cha kukuzia. Niliangalia kapasita kama vichwa vimevimba, nikainusa (nainusa bodi kila mara, harufu ya kuungua haifichiki), nikaangalia kama rangi ya ubao nyuma ya mosfeti imegeuka kahawia. Ilikuwa nyeusi sawasawa. Muuzaji akaniwashia. Nikalipa.

Kabla ya kuifunga nilipima volti 12 ya pawa sapulai kwa multimita, moja kwa moja kwenye plagi ya prosesa, mashine ikiwa kazini. Kanuni inaruhusu kati ya 11.4 na 12.6. Ilisoma 11.9. Kama ingekuwa inacheza karibu na 11.4, bodi nzuri isingeniokoa. Ningekuwa nimepeleka gari zuri kwenye mafuta machafu.

Kijana wa duka la jirani, mtu mwenye ujuzi na ninayemheshimu, aliniuliza swali zuri siku ile: "Sasa mzee, si ungechukua tu Ryzen 5 1600 ukaiweka kwenye bodi ileile ya kwanza?" Ana haki. Viini vinne mara 3.8 ni 15.2. Viini sita mara 3.2, kasi ya kawaida kabisa bila kuguswa, ni 19.2, na 1600 inashika kazi kumi na mbili kwa wakati mmoja dhidi ya nne. Kwenye kurenda, prosesa kubwa isiyoguswa inaipita ndogo iliyopandishwa, wala hakuna ubishi. Kama tofauti ya bei kati ya bodi mbovu na bodi nzuri inatosha kukupandisha prosesa ngazi moja, na huna mpango mwingine baadaye, pandisha prosesa uache kuovakloki. Nimewaambia watu hivyo na nitaendelea kuwaambia.

Lakini mimi nilikuwa na mpango mwingine, na mpango huo ndio unaonifanya niandike haya yote.

Zamani bodi ilikuwa kila kitu kwa sababu tofauti. Agosti 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ndogo ya megahezi 300. Kizidisho chake kilifungwa kwenye 4.5, kwa hiyo huwezi kukigusa. Ila kasi ya basi (njia ya mawasiliano kati ya prosesa na bodi), ile inayozidishwa, ilikuwa inatoka kwenye bodi: 66 mara 4.5 ndiyo 300. Watu wakachukua bodi zenye chipseti ya 440BX, ABIT BH6 ikiwa kipenzi chao kwa kuwa mipangilio yake ilikuwa ndani ya bayosi badala ya vijiti vya kuhamisha kwa mkono, wakaweka basi 100. Mara 4.5 ni 450. Celeron ya dola 149 ikawa inakimbia kasi ileile ya Pentium II 450, iliyokuwa inauzwa zaidi ya dola 600. Prosesa haikubadilika hata chembe; bodi ndiyo iliyofungua mlango. Nikisoma habari za wale watu nawaelewa kabisa. Kuna furaha ya kweli katika kukuta uwezo uliolala ndani ya kitu cha bei ndogo.

Siku hizi bodi ni ya maana kwa njia nyingine: inaishi kuliko prosesa. Soketi ya AM4 ilianza na Ryzen za kwanza kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 2017, na Aprili 2022 ilikuwa bado inapokea prosesa mpya, Ryzen 5 5600 ikiwa mojawapo. Zote zinaingia kwenye tundu lilelile, mradi bayosi iwe mpya na VRM iweze. Mtu aliyenunua bodi 2017 au 2018 kwa kuangalia prosesa aliyonayo mkononi tu alijifungia. Aliyeinunua akiifikiria prosesa itakayokuja, alikuwa anaweka akiba. Mateso tuliyoipa bodi kwa kuiovakloki ile ndogo, wati sabini na kitu kutwa nzima kwenye joto la bati, yalikuwa mtihani wa kuipokea ile kubwa. 5600 imewekewa mpaka wa wati 76 kwenye soketi. Ni mzigo uleule tulioubeba tayari.

Mwaka 2023 mpwa wangu alipata kazi ya kutengeneza vipande vya elimu kwa watoto, akanunua 5600 kwa hela yake mwenyewe. Akaja nayo nyumbani imefungwa kwenye kitambaa cha mama yake. Hapo ndipo kile kitufe cha nyuma kilipopata kazi. Kwenye bodi ile unaweza kubadilisha bayosi hata bila prosesa: unaweka faili kwenye flashi, unaliita MSI.ROM, unaichomeka kwenye tundu lililowekewa alama, unaunganisha pawa sapulai, unabonyeza. Tuliichomeka kwenye UPS, betri ya akiba, kwanza, nikamwambia asiguse kitu. Taa nyekundu ndogo ikaanza kupepesa. Tulikaa pale bila kuongea, kama watu wanaosubiri uji uchemke. Baada ya dakika chache taa ikatulia ikazimika.

Tukaweka prosesa mpya, na feni inayopuliza kwenda chini, safari hii kwa makusudi. Sikuiovakloki. 5600 inajipandisha yenyewe mpaka pale joto na umeme vinapoiruhusu, na kazi yetu ni kuipa bodi isiyoibana. Ile picha ya zamani, ya dakika 41 kisha 34, aliifungua akairenda tena kwa sababu alitaka kuona. Ikatoka kabla chai haijapoa. Ryzen 3 ya zamani ilikwenda kwa mdogo wake wa kike, kwenye bodi ileile ya kwanza, ikiwa imerudishwa kwenye kasi yake ya kiwandani. Hapo inafanya kazi bila shida. Bodi ile haikuwa mbaya kwa mzigo wake, mimi ndiye niliyeipa mzigo ambao haikuweza kuubeba.

Kabla ya kufunga ubavu wa kasha nilimpa kipimajoto. Sasa ninacho changu. Saa sita mchana, chumba kilekile, bati lilelile. Akakielekeza kwenye alumini, kikasoma 48, akafurahi.

"Hapana," nikamwambia. "Chuma kinachong'aa kinakidanganya kipimajoto, kinarudisha joto la vitu vingine. Piga pale pembeni, kwenye ubao mweusi, kati ya chuma na soketi."

Akasogeza mkono. Akasubiri namba itulie.

"Sitini na saba, mjomba."